Mhusika wa Skrini na Mafunzo ya Mtoto katika Nchi ya Chai

Kila jamii hutumia viumbe wa kubuni katika kuwafunza watoto wake. Sungura, fisi na zimwi walifundisha kabla ya darasa kujengwa. Siku hizi viumbe wa jinsi hiyo wamehamia katika televisheni, simu na vishikwambi, na baadhi yao humwuliza mtoto swali na kulipokea jibu lake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mhusika wa skrini anavyomsaidia mtoto kujifunza, na masharti yampasayo ili awafae watoto wa Kericho na Bomet.

Asili yake

Miongoni mwa Wakipsigis na ndugu zao Wanandi, watoto walionywa juu ya Chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotolewa mwaka 1909, alimweleza kuwa nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa, ambaye huwavuta watoto kwa nyimbo apate kuwala. Onyo la kutotembea usiku lilishika kwa kuwa lilipewa sura, sauti na mwenendo. Amri tupu isingalikumbukwa vivyo hivyo.

Ushahidi wa wataalamu

Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza kwamba mtazamaji huweza kumwona mtu wa televisheni kuwa rafiki yake, ingawa urafiki huo ni wa upande mmoja. Kwa mtoto urafiki huo una faida ya masomo. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2011, watoto wa umri wa miezi 21 walijifunza kupanga vikombe kwa ukubwa walipofundishwa na Elmo, mhusika waliyemzoea. Mhusika mgeni hakufanikiwa hivyo. Utafiti wa mwaka 2013 ukaongeza kwamba watoto waliopewa kwanza mwanasesere wa mhusika yule mgeni, wakacheza naye na kumlea, walifaidika zaidi na mafunzo yake. Basi mazoea ndiyo yafungulayo mlango wa somo.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limebuni vipindi vya vibonzo ambavyo hutazamwa Kenya pia. Katika kimojawapo, msichana mdogo aitwaye Akili hujifunza herufi, hesabu na maumbo pamoja na rafiki zake wanyama. Uchunguzi uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto waliokitazama waliendelea zaidi katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine.

Hali ya Kericho na Bomet

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamishiwa redioni, katika televisheni na kwenye intaneti. Katika nchi ya chai mchumaji huondoka alfajiri, na simu ya mzazi huondoka naye. Kwa hiyo mtoto hukutana na mhusika wake jioni tu, kwa muda mfupi, na wakati mwingine fedha za intaneti hazipo. Kipindi kirefu kisichoweza kuhifadhiwa simuni hakimfai.

Lugha ni suala zito zaidi. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa elimu ya Kenya umekuwa kwamba madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Vijijini Bomet lugha hiyo ni Kikipsigis. Katika mashamba makubwa ya Kericho, ambamo Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya huishi jirani, Kiswahili ndicho kiungo. Mhusika asemaye Kiingereza peke yake huwa mgeni mara mbili: kwa sura na kwa ulimi.

Masharti ya kumfaa mtoto

Kwanza, mhusika aseme lugha aijuayo mtoto, ndipo ampeleke kwenye lugha nyingine. Pili, mifano yake itoke katika maisha ya hapo. Mama amepima kilo 18 asubuhi na kilo 14 jioni: jumla ni ngapi? Mhusika akijibu 31 kwa makusudi, mtoto atafurahi kumsahihisha, na katika kumsahihisha atajifunza. Tatu, urafiki huo ulindwe. Mtoto humwamini mhusika kama amwaminivyo mtu. Hivyo mhusika huyo akitumiwa kuuza peremende au kudadisi habari za nyumbani, imani hiyo huwa imesalitiwa. Hatari imezidi sasa kwa kuwa mashine huweza kutunga majibu yenyewe, na kosa likisemwa na rafiki hupokewa kama ukweli.

Kwa ajili hiyo, mwalimu na mzazi hawana budi kumjua mhusika huyo, kusikiliza asemayo, na kumwuliza mtoto alichojifunza. Hadithi ya Chemosit yenyewe ilisimuliwa na mtu mzima aliyeketi karibu na mtoto.