Kifutu, Nyoka Asiyekimbia

Je, wajua kwamba mbwa anaweza kupita karibu kabisa na nyoka huyu asinuse chochote? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa mbwa na nguchiro waliofunzwa kunusa. Wanyama hao walitambua harufu ya nyoka wengine, lakini ya kifutu hai iliwashinda.

Kifutu, ambaye baadhi ya watu humwita moma, kwa kawaida ana urefu wa takriban mita moja. Ni mnene, kichwa chake ni kipana, na mgongoni ana michoro ya pembe, ncha zikielekea mkiani, kwa rangi zilezile za majani makavu na udongo. Akitambaa huenda moja kwa moja kama kiwavi, bila kujipinda. Ila hatambai sana. Hujikunja mahali pamoja, akakaa hapo siku kadhaa akisubiri panya, ndege au chura.

Akimwona chura, huwa na hila ya ajabu. Hutoa ulimi na kuuchezesha polepole, kwa muda mrefu kuliko anaponusa tu harufu. Chura hudhani ni mdudu, akasogea mwenyewe mdomoni. Watafiti walimnasa kwa kamera akifanya hivyo huko Afrika Kusini, na matokeo yao yakatoka 2017.

Utulivu huohuo ndio unaotuumiza sisi. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha mtu huondoka mapema. Kifutu hubaki palepale kwa sababu kinga yake ni kutoonekana, na jioni hupenda kulala njiani, kwenye vumbi lenye joto. Pengine atajaza hewa na kufoka kwa sauti nzito. Pengine hatatoa onyo lolote. Mkulima anayerudi nyumbani gizani na kandambili miguuni humkanyaga, naye huuma. Hakumwinda mtu, na ni haki kumtetea katika hilo. Lakini meno yake marefu, ambayo hulala yamekunjwa kinywani, huchoma ndani sana.

Sumu yake hula nyama. Mguu huvimba kwa maumivu makali, malengelenge hutokea, damu huweza kuvuja, na nyama ikifa mtu anaweza kukatwa kiungo. Kifo kikitokea, mara nyingi huja baada ya saa nyingi au siku kadhaa, wala si dakika. Maana yake ni kwamba muda wa kufika hospitali upo, na inauma kuona tunavyoupoteza. Mmoja analeta wembe achanje chale, mwingine anatafuta jiwe jeusi la nyoka, wa tatu anakaza mguu kwa mpira wa baiskeli. Huo mpira ni hatari hasa kwa sumu ya kifutu, kwani huibana mahali pamoja na kuzuia damu, nyama ikazidi kufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Dawa yake hutengenezwa kwa kinga inayotoka katika damu ya farasi aliyechanjwa sumu kidogo kidogo. Ni ghali, na mara nyingi haipo pale inapohitajika. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotibu sumu ya nyoka kadhaa wa Afrika akiwemo kifutu, na chupa za mwisho ziliisha muda wake 2016.

Wala kifutu hataisha leo. Jike huzaa watoto hai, kwa kawaida 20 hadi 40, na mmoja mwenye asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki alizaa 156 kwa mpigo.

Kwa hiyo usiku tembea na tochi na uvae gambuti. Mtu akiumwa, mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda, mlaze, na mguu ufungwe ubao bila kukazwa ili usitikisike. Usimfukuze nyoka kwenda kumwonyesha daktari. Tafuta gari au pikipiki, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja.