Gari la Fahari Kuukuu: Bei Hushuka, Matunzo Hayashuki

Gari la fahari likishapita mikono mitatu au minne, bei yake hushuka hata ikakaribiana na bei ya gari dogo la kawaida. Hapo ndipo baba wa nyumba huanza kulitamani. Viti vya ngozi, injini isiyopiga kelele, mlango unaofungwa kwa mlio mzito: yote hayo kwa fedha ambazo zingenunua kigari chembamba cha watu wanne. Wahenga wamekwisha kuonya kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda, na gari lililotumika huwa jipya kwa kila anayelinunua.

Jambo ambalo mnunuzi hana budi kulitambua kabla ya kutoa fedha ni hili: soko hushusha bei ya gari, lakini halishushi bei ya vipuri vyake. Gari lililoundwa kwa ajili ya tajiri huendelea kudai matunzo ya tajiri, hata likiwa mikononi mwa mwalimu au karani. Asiyelifikiria jambo hilo huishia kupeleka karo ya watoto wake gerejini.

Mfano wa Mercedes-Benz

Mfano mwema ni Mercedes-Benz, gari ambalo katika Afrika ya Mashariki lilizaa hata neno la lugha: baada ya uhuru, wakubwa waliopanda magari hayo waliitwa Wabenzi. Aina iliyopata sifa kubwa ni W123, iliyotolewa mwaka 1976 katika Ujerumani ya Magharibi. Hadi uundaji wake ulipokoma, mwanzoni mwa 1986, yalikuwa yamekwisha kutengenezwa magari karibu milioni 2.7.

Yale ya dizeli, 240 D yenye silinda nne na 300 D yenye silinda tano, yalisifiwa kwa uvumilivu wake. Sababu zake si za miujiza. Pampu ya dizeli hufanya kazi kwa mitambo mitupu pasipo kompyuta, vali huendeshwa kwa mnyororo wa chuma badala ya mkanda wa mpira, na silinda hedi ni ya chuma cha kusubu kisichopinda upesi kwa joto.

Hata hivyo uimara wa chuma ni nusu ya habari. Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi wa mji wa Thessaloniki katika Ugiriki, alinunua mwaka 1981 gari la 240 D la mwaka 1976, la aina iliyotangulia W123, likiwa limekwisha kwenda zaidi ya kilomita 200,000. Mwaka 2004 alilikabidhi kwa makumbusho ya kampuni iliyolitengeneza likiwa limetimiza kilomita milioni 4.6. Injini yake ilikuwa imebadilishwa mara kadhaa. Gari lile halikudumu kwa kuachwa. Lilidumu kwa kuhudumiwa bila kuchoka.

Fundi asiyelijua gari

Hasara nyingi hazitokani na ugonjwa wa gari, bali na uganga usio wake. Katika W123 ya dizeli, ufunguo hauzimi injini kwa umeme. Hufungua njia ya mvuto wa hewa, na mvuto huo ndio unaofunga mafuta pampuni. Katika magari ambayo makufuli yake hujifunga yote pamoja, mvuto huo huo huendesha makufuli ya milango. Basi kipira kimoja ndani ya mlango kikipasuka, dereva huweza kuuzungusha ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Fundi mgeni ataifungua pampu ya dizeli, kazi ya gharama kubwa, ilhali dawa ilikuwa kipande cha mpira cha bei ndogo.

Kosa jingine lililoenea katika nchi za joto ni kuiondoa themostati injini inapochemka, kisha kujaza rejeta maji matupu ya bomba. Themostati huizuia injini isifanye kazi ikiwa baridi mno, maana injini baridi hula mafuta na kulika upesi. Na dawa ya rejeta haikuwekwa kwa ajili ya nchi za theluji peke yake. Huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Katika W124, iliyofuata W123 tangu mwisho wa 1984, injini za petroli za silinda sita zina silinda hedi ya alumini. Ikichemka sana mara moja, hedi hiyo huweza kupinda na gasketi ikaungua. Themostati mpya ingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha za matengenezo hayo.

Mwenye kutafuta W124 ya kati ya 1993 na 1995 azikague nyaya za injini. Ganda la nyaya za miaka hiyo hukauka na kupukutika kwa joto, na waya mtupu ukigusa mwenzake, gari huanza kugugumia pasipo sababu ya kuonekana.

Rahisi huvunja upishi

Ajabu ni kwamba gari la fahari la miaka ya karibuni laweza kuwa na bei ndogo kuliko lile la zamani. Anayeshangaa ayatazame yaliyomo. Katika magari makubwa ya S-Class yaliyotolewa tangu 1998, mwili wa gari hubebwa na mifuko ya mpira yenye hewa badala ya springi za chuma. Mpira huzeeka na kuvuja. Mwenye gari akilipuuza gari linaloamka limeinama upande mmoja, pampu ya hewa hufanya kazi mfululizo hadi ikaungua, na badala ya kununua mfuko mmoja atanunua mfuko na pampu. E-Class ya 2002 nayo ilikuja na breki zinazotegemea pampu ya umeme na kompyuta. Kampuni yenyewe iliziacha mwaka 2006 na kurudia breki za kawaida. Gari la namna hiyo huuzwa rahisi kwa sababu muuzaji amekwisha kuiona hesabu ya fundi.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi afike asubuhi na kuikuta injini ikiwa baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi yake. Afungue kifuniko cha mafuta ya injini: utando kama maziwa huweza kuonyesha kwamba maji yamepita kwenye gasketi. Anuse mafuta ya gia za otomatiki. Yakinuka kuungua, giaboksi imekwisha kuteseka. Ainame na kupapasa mahali pa kuwekea jeki, maana katika W123 hapo ndipo kutu hupenda kujificha. Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, lakini pedali zilizolika na usukani uliong'aa kwa viganja ni mashahidi wasiohongeka.

Anayeagiza kutoka ng'ambo aangalie pia sheria ya umri. Kenya imeweka mpaka wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika, na Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15.

Daftari na kibubu

Gari likishafika nyumbani, kazi ya kwanza isiwe redio wala vitambaa vya viti. Yabadilishwe mafuta ya injini, ya gia na ya breki, maji ya rejeta pamoja na vichujio vyote, ili mwenye gari ajue pa kuanzia hesabu. Kwa injini kongwe ya dizeli katika barabara za vumbi, kilomita 5,000 ni muda wa busara wa kubadilisha mafuta. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa na kuozesha mabomba kwa ndani.

Kila kazi iandikwe katika daftari: tarehe, kilomita, kipuri na bei. Daftari hilo humfundisha mwenye gari tabia ya chombo chake, humzuia fundi kuuza kipuri kimoja mara mbili, na siku ya kuuza huliongezea gari thamani.

La mwisho ni la mezani, si la gerejini. Baba na mama wakae pamoja na kukata shauri kabla ya kununua. Wakiona kwamba bei ya gari itamaliza akiba yote, basi gari hilo bado si lao. Angalau robo ya bei ibaki kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na kila mwezi kiasi fulani kitiwe kibubuni hata gari likiwa zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika gari la fahari, ukuta hujengwa kwa matofali ya bei ya fahari.