Lenzi na Dirisha: Kupiga Picha Chini ya Maji kwa Fedha Chache

Mvuvi wa pweza azamiaye kwa miwani ya kioo anafahamu, hata kama hakupata kusomeshwa somo la nuru, kwamba pweza huwa mbali kuliko anavyoonekana, na akishatolewa majini huwa mdogo kuliko alivyodhaniwa. Nuru itokapo majini kuingia hewani kupitia kioo bapa hupinda, na kitu kilicho mbele kwa mita 1 huonekana kana kwamba kipo kwenye sentimita 75. Kamera iliyofungwa ndani ya kasha lisiloingiza maji imo katika hali ile ile ya jicho la mvuvi. Kwa hiyo anunuaye vifaa vya kupigia picha chini ya maji hachagui lenzi peke yake. Dirisha la kasha ni sehemu ya lenzi, na mara nyingi ndilo liamualo kama fedha zimetumika vema.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya pwani inayotaka kuweka kumbukumbu ya matumbawe ya mahali pamoja, mwaka hata mwaka. Kazi hii ina maana kubwa. Mwaka 1998, joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, yakiwemo ya Mafia. Pasipo picha za kabla ya tukio la namna hiyo, hakuna awezaye kusema kwa hakika ni kiasi gani kilichopotea. Lakini picha ambayo kingo zake zimefifia haihesabiki matumbawe.

Tuseme shule hiyo ina lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ya kipimo cha filamu ya milimita 35. Nchi kavu lenzi hii huona pembe ya nyuzi 75, kutoka kona moja ya picha hadi kona ya pili. Nyuma ya dirisha bapa, majini, pembe hiyo hupungua hadi nyuzi 54 hivi. Ili kuenea eneo la mita 1 kutoka kona hadi kona, mpiga picha ambaye nchi kavu angesimama kwenye sentimita 65 hulazimika kurudi nyuma hadi sentimita 97. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ni nusu nzima ya maji zaidi kati ya lenzi na tumbawe. Maji hayo yana chembechembe zinazoelea, nayo hunyonya rangi nyekundu kabla ya rangi nyingine. Ndiyo maana wazoefu husisitiza kukaribia, na kukaribia huku ukiona eneo kubwa kwahitaji pembe pana.

Dirisha bapa lina kasoro nyingine. Rangi za nuru hazipindi kwa kiasi kimoja, hivyo kingo za picha huvikwa pindo za rangi. Tena, hata lenzi iwe pana namna gani, dirisha bapa haliwezi kupitisha zaidi ya nyuzi 97 hivi. Hata hivyo lisidharauliwe. Kwa kaa wadogo na konokono wa bahari, ambapo pembe ni nyembamba, kasoro hizo hazionekani, na ule ukuzaji wa theluthi moja huwa faida ya bure.

Dirisha la kuba hurudisha pembe ya lenzi kama ilivyo nchi kavu, mradi mahali nuru inapoingilia ndani ya lenzi pawe kwenye kitovu cha kuba. Mwenye kuuza kuba lililotumika aulizwe kwanza kama pete za kurefushia, ziwekazo lenzi mahali pake, zipo pamoja nalo. Lakini kuba nalo lina masharti yake. Lenyewe hugeuka lenzi, na vitu vya mbali huonekana kama taswira iliyo karibu sana, umbali wa mara tatu ya nusu kipenyo kutoka uso wa kuba. Kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 huileta bahari yote ndani ya sentimita 30. Lenye sentimita 5, ndani ya 15. Samaki aliye sentimita 30 mbele ya kuba lile kubwa huonekana kwenye sentimita 13 tu.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani kwa ndoo ya maji na bakuli la kioo lenye kitako cha duara. Bakuli likididimizwa na jicho likawekwa kwenye kitovu chake, mwalimu anayehitaji miwani ya kusomea ataona ukungu pale ambapo mwanafunzi wake huona sawasawa. Lenzi isiyoweza kulenga karibu imo katika hali ya mwalimu huyo. Dawa yake ni lenzi ndogo ya kukaribishia, inayofungwa mbele ya lenzi kubwa, ambayo bei yake ni nafuu kuliko lenzi mpya.

Kuba la akriliki ni jepesi na la bei ndogo kuliko la kioo. Huchubuka upesi, lakini maji hujaza michubuko midogo ikawa haionekani, na michubuko hiyo yaweza kusuguliwa ikaondoka.

Kwa shule yenye fedha kidogo sana, rai yetu ni kamera ndogo yenye kasha la dirisha bapa, pamoja na lenzi ya pembe pana ifungwayo nje ya dirisha, ndani ya maji. Lenzi hiyo yaweza kuondolewa hukohuko chini akitokea konokono wa kupigwa picha kwa karibu. Sharti ifunguliwe kidogo majini ili viputo vya hewa vilivyonaswa vitoke, la sivyo picha zote zitaharibika.

Kabla ya yote, kasha lizamishwe tupu. Kwenye kina cha mita 20 dirisha bapa lenye kipenyo cha sentimita 10 husukumwa na maji kwa uzito upatao kilo 157, na unywele mmoja juu ya mpira wa kuzuia maji watosha kuyaingiza. Ndani iwekwe karatasi kavu, na kasha lifike kina kile kile kitakachotumika. Karatasi ikitoka kavu, kamera yaweza kutiwa.