Maudhui: Istilahi ya Uhakiki Mikononi mwa Dola na Soko

Mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika shule ya sekondari, iwe ya Kenya au ya Tanzania, ameyakuta maneno mawili yaendayo pamoja kama kurwa na doto: fani na maudhui. Amefundishwa kuyatenga ili aweze kujibu swali la mtihani. Na kama alibahatika kupata mwalimu mzuri, amefundishwa pia kuyarejesha mahali pamoja. Katika miaka ya karibuni pacha mmoja amemtoroka mwenziwe. Maudhui sasa yana kanuni zake, leseni zake, kodi yake na kamati yake. Fani haijasikika huko. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi hii ilivyohama kutoka katika uhakiki ikaingia katika sheria na biashara, na kwa nini uhamaji huo si jambo la watunga kamusi peke yao.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Fani hutokana na neno lenye maana ya sanaa au ufundi. Maudhui hutokana na mzizi wenye maana ya kuweka, na katika Kiarabu neno hilo ni jambo lililowekwa mbele ya watu ili lizungumzwe, yaani mada. Yafaa kulizingatia hili. Maana hiyo ya asili haina chombo ndani yake. Haisemi kwamba kuna kitu kilichofungiwa ndani ya kitu kingine. Waarabu wanapotaka kutaja kilichomo katika chombo au katika kitabu hutumia neno jingine kabisa, muhtawa, ambalo halikupata makao katika Kiswahili. Wala Kiswahili hakikulihitaji, maana kilikuwa na lake: yaliyomo, ambalo hadi leo huchapwa katika kurasa za mwanzo za vitabu, juu ya orodha ya sura.

Hata hivyo chombo kiliingia, na kiliingilia darasani. Katika miaka ya 1970 na 1980, uhakiki wa Kiswahili ulipokuwa ukijijengea istilahi, wapo walimu waliofundisha kwamba fani ni kama kikombe na maudhui ni kama kahawa iliyomo. Mfano huo ulipendwa kwa sababu ni rahisi. Wengine, na miongoni mwao F. E. M. K. Senkoro, waliukataa wakasema kwamba uhusiano wa viwili hivyo ni wa sura mbili za sarafu moja: huwezi kuitumia sura moja dukani ukaiacha nyingine nyumbani. Wapenzi wa kikombe walisahau jambo ambalo kila mshairi hulijua, kwamba kahawa ya shairi ikimiminwa katika kikombe kingine huwa si kahawa ile. Hata wale waliogombana vikali juu ya vina na mizani baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974 hawakugombana juu ya hilo. Mtetezi wa arudhi aliamini kwamba ukivunja umbo umelivunja shairi. Mshairi wa mtindo mpya aliamini kwamba umbo la zamani lingemlazimisha kusema mambo ya zamani. Pande zote mbili zilikubali, bila ya kupeana mkono, kwamba umbo husema.

Ndiyo maana inashangaza kwamba kikombe, kilichoshindwa katika uhakiki, kimeshinda katika sheria. Kilichokirejesha ni Kiingereza cha biashara ya utangazaji na ya mitambo ya mawasiliano, ambacho huita kila kipitacho katika waya au hewani "content", yaani kijazacho chombo. Kwa mhandisi wa mawasiliano jina hilo ni la haki kabisa. Kazi yake ni bomba. Kwake yeye hotuba ya rais, utenzi wa dini na tangazo la sabuni ni kiasi tu cha data. Tatizo huanza pale jina la mhandisi linapopokelewa na mtunga sheria, kisha mfasiri akalitafutia neno la Kiswahili, na neno lililokuwa karibu na mkono wake likawa ni lile alilolikariri shuleni.

Tanzania ndiyo iliyotangulia kulipa neno hili nguvu ya sheria kwa upana. Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo ina Kamati ya Maudhui, ambayo husikiliza mashauri ya watangazaji waliokiuka masharti na huweza kuwapa adhabu. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kwa kanuni hizo, mtu aliyetaka kuendesha blogu yake alitakiwa kuomba leseni na kulipa ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, jumla ya shilingi 2,100,000 za Tanzania. Mwezi Juni mwaka huo baadhi ya majukwaa mashuhuri, likiwemo Jamii Forums, yalifunga milango kwa muda. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine za mwaka 2020. Mengi yamesemwa juu ya ukubwa wa ada, na yalistahili kusemwa. Lakini hata ada ingekuwa shilingi kumi, swali la msomi wa lugha lingebaki: ni neno gani lililowezesha mwandishi wa habari, mtunzi wa mashairi ya mapenzi na mwenye kufundisha mapishi kuwekwa katika kapu moja na kutozwa kwa kipimo kimoja? Kabla ya neno hilo walikuwa watu watatu wenye kazi tatu.

Nchini Kenya neno limepita njia nyingine. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo sheria za nchi hutungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili cha sheria hakitungwi bungeni. Hutungwa na mfasiri wa chumba cha habari, mwenye dakika chache kabla ya taarifa ya saa moja usiku, asiye na kamati wala kamusi ya sheria mezani. Yeye ndiye aliyewatangazia Wakenya mwaka 2023 kwamba Sheria ya Fedha imeweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato ya maudhui ya kidijitali, baada ya mswada kupendekeza asilimia 15. Sheria hiyo, inapofafanua inachokitoza, hutaja vitu vya burudani, vya kijamii, vya kisanaa na vya elimu, kisha ikaongeza vitu vingine vyovyote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo maana halisi ya istilahi hii katika matumizi yake mapya. Maudhui ni chochote.

Linganisha na Ibara ya 33 ya Katiba ile ile. Pale wananchi walipojiandikia haki zao, uhuru wa kujieleza ulitajwa pamoja na uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Katiba inalinda sanaa. Kodi na leseni zinashika maudhui. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 1962 ya filamu na michezo ya jukwaani, ambayo wasanii wana sababu nyingi za kuilalamikia, angalau ilizitaja kwa majina sanaa ilizoziogopa, na kwa hiyo mtu aliweza kubisha kwamba kitu chake si filamu wala si mchezo. Hakuna awezaye kubisha kwamba kitu chake si maudhui.

Upande ulio mgumu zaidi, na ambao wataalamu wa lugha wameuacha mikononi mwa wanasheria, ni ule wa uchujaji. Kitenzi ni cha jikoni: huchujwa chai, huchujwa tui. Kuanzia mwaka 2019 vijana wengi walifanya kazi jijini Nairobi, katika kampuni iliyoajiriwa kwa niaba ya Facebook, ya kuangalia mambo yanayowekwa na watumiaji na kuondoa yasiyofaa. Mbele yao zilipita picha za mauaji, za watoto kuteswa, za watu kujiua. Mwaka 2022 mmoja wao alifungua kesi jijini humo; mwaka uliofuata wenziwe zaidi ya 180 wakafungua yao; na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kampuni mama ya Marekani inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Katika mikataba na taarifa, walichokuwa wakikiangalia vijana hao kiliitwa maudhui. Neno linaloweza kutaja Utendi wa Mwana Kupona na vilevile mtu anayechinjwa mbele ya kamera halikumsaidia mfanyakazi kumweleza mwajiri wake, wala hakimu, ni kitu gani kilichomuumiza. Ilimbidi akieleze upya, kwa maneno yake mwenyewe.

Na hapo ndipo kasoro ya kikombe inapodhihirika. Mwezi Aprili 2022, uchaguzi mkuu ukikaribia, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Baadhi yalikuwa maneno ya Kiswahili na ya Sheng: madoadoa, kwekwe, hatupangwingwi, watajua hawajui. Yeyote asiyeijua historia ya nchi akipewa orodha hiyo atacheka. Madoadoa ni ya chui na ya nguo iliyomwagikiwa mchuzi. Kwekwe hung'olewa shambani na kila mkulima. Watajua hawajui ni vitenzi viwili, kimoja cha wakati ujao na kimoja cha kukanusha. Hakuna sumu ndani ya maneno haya, ukitafuta ndani. Lakini mtu aliyeishi katika Bonde la Ufa anajua ni akina nani walioitwa madoadoa, na anajua yaliyofuata. Katika ghasia za mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwanasiasa aliyekamatwa Januari 2022 baada ya kulitumia neno hilo mjini Eldoret hakukamatwa kwa sababu ya maana iliyomo katika kamusi. Alikamatwa kwa sababu ya nani alisema, wapi, mbele ya nani, na kwa sauti gani. Hayo yote ni mambo ambayo mhakiki huyaita fani na muktadha.

Si kwamba Tume ilikosea kuogopa. Hofu yake ilikuwa na makaburi nyuma yake. Ila orodha ya maneno ni chombo kibovu cha kulindia watu wanaosema kwa mafumbo, na Waswahili wamesema kwa mafumbo tangu kabla ya Muyaka. Lugha ambayo mke mwenza humpiga mwenziwe kijembe kwa kuvaa tu leso yenye jina fulani, bila ya kufungua kinywa, haiwezi kulindwa kwa kuhesabu maneno. Mwanasiasa akikatazwa madoadoa atasema matone. Mashine itayapitisha matone, na wakati huohuo itamfutia mkulima wa Molo ushauri wake juu ya kung'oa kwekwe.

Jambo jingine ni jina la mtendaji. Anayeyafanya maudhui huitwa mzalishaji wa maudhui, au mtayarishaji. Kiswahili kina mtunzi, malenga, manju, msanii, mwandishi, mwigizaji, kila mmoja na kazi yake na heshima yake. Mtunzi hutokana na kutunga, kitenzi kilekile cha shanga na cha samaki: kutia kimoja baada ya kingine katika uzi kwa mpango wa mkono. Mzalishaji ni wa kiwandani na wa shamba kubwa. Hupimwa kwa wingi wa mazao. Huenda kijana anayejiita mzalishaji wa maudhui leo anaona fahari, kwa kuwa jina hilo ni jipya na lina mlio wa fedha. Lakini katika mazungumzo ya malipo na hakimiliki, mtunzi hudai haki juu ya kazi yake. Mzalishaji hudai bei ya bidhaa yake, na bidhaa zikijaa sokoni bei hushuka.

Wapo watakaosema kwamba maneno huhama, na kwamba hakuna baraza lililowahi kulirudisha neno nyumbani kwa amri. Hoja hiyo ina uzito. Maudhui ya mtandaoni hayatatoka tena katika vinywa vya watangazaji, na yeyote atakayejaribu kuyatoa atapoteza muda wake. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kina manufaa zaidi. Pale sheria inapokusudia kilichomo ndani ya chombo bila kujali ni nini, mfasiri anaweza kuandika yaliyomo, na ubatili wa dai utaonekana mara moja, kwa kuwa hakuna mtu atakayekubali kutozwa kodi ya yaliyomo bila kuuliza yaliyomo wapi. Pale inapokusudia wimbo, habari, filamu au somo, aandike hivyo. Kamusi nazo, katika matoleo yajayo, hazina budi kuzitenga maana mbili za kidahizo hiki kwa nambari, ile ya uhakiki na ile ya biashara ya mawasiliano, na kuipa ya pili alama ya uwanja wake, kama zinavyofanya kwa istilahi za tiba na za ubaharia.

Idara za Kiswahili nazo zina la kufanya katika mtihani. Swali linalomtaka mtahiniwa ajadili maudhui ya riwaya, kisha katika sehemu (b) ajadili fani yake, kila sehemu kwa alama kumi, humfundisha kwamba viwili hivyo huweza kupakuliwa katika sahani mbili. Mtahiniwa huyo ndiye atakayekaa miaka mitano baadaye katika chumba cha habari, au katika ofisi ya wizara, mswada wa Kiingereza ukiwa mbele yake.