Kuwapa Majina Viumbe Wasiopata Kuonekana

Mfasiri wa maandishi ya elimu ya nyota hupatwa na tatizo asilokutana nalo mwenzake wa sheria au kilimo: hutakiwa kutaja vitu ambavyo hakuna aliyepata kuviona, na ambavyo huenda havipo kabisa. Mfano mzuri ni wa mwaka 1976, ambapo wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Carl Sagan na Edwin Salpeter, walikadiria kwa hesabu za fizikia ni uhai wa namna gani ungeweza kuwako katika hewa ya Mshtarii, sayari ambayo wengi huiita Jupita.

Sayari hiyo haina ardhi ya kukanyagwa. Ni gesi, hasa haidrojeni na heliamu, na kadiri kitu kishukavyo ndivyo joto na mgandamizo vizidivyo, hata hapana kilicho hai kitakachosalimika. Kwa hiyo jamii moja waliyoifikiria ni ya viumbe wadogo wanaozama polepole. Hao hawana budi kuzaa kabla ya kuungua, na baadhi ya watoto wao wapandishwe juu tena na mikondo ya hewa. Jamii nyingine ni mithili ya maputo, pengine yenye upana wa kilometa kadhaa. Hapa pana jambo la kutatiza: haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, basi puto litaeleaje ndani yake? Litaelea likisukuma heliamu nje na kubakiza haidrojeni tupu, au likitunza joto ndani yake. Jamii ya tatu huwafuata wenzao na kuwala.

Tuwaiteje? ‘Mzamaji’ kwa Mswahili ni mtu anayekufa maji, na ‘mzamiaji’ ni yule aliyejificha melini asilipe nauli. ‘Chelezo’ limekwisha chukuliwa na mabaharia. Tunapendekeza kizama na kielea. Kwa jamii ya tatu neno mbuai latosha. ‘Mwindaji’ huja na mkuki na mbwa wake.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kueleza jinsi jamii hizo zingetokea. Wapo wanaoandika ‘maendeleo ya viumbe’. Neno hili halifai hata kidogo, maana humfanya msomaji adhani kwamba kizama yuko njiani kuelekea kuwa kielea, kama kijiji kinachongojea barabara. ‘Mageuzi’ nalo hutokana na kugeuza, na anayegeuza ni lazima awepo. Tena tangu miaka ya 1990 limeshikwa na siasa. Mageuko, kutokana na kugeuka, ndilo sahihi. Vivyo hivyo ‘uteuzi asilia’, ingawa limeenea, hutukumbusha barua ya kuteuliwa. Katika Mshtarii hakuna ateuaye: vizama wanaochelewa kuzaa huungua, wanaowahi huacha watoto wenye tabia hiyo hiyo. Huo ni mchujo, kama wa chungio la tui, ambalo halina nia yoyote na nazi.

Limebaki suala la upatanisho wa kisarufi, ambalo Waingereza hawalijui. Je, tuseme ‘kielea huyu’ au ‘kielea hiki’? Mnyama ni huyu, mmea ni huu. Lakini kielea, kwa maelezo ya wataalamu hao, angeweza ama kula chembe zilizomo hewani ama kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mmea. Hata vijidudu vya hapa duniani waandishi huvipatanisha kwa njia zote mbili. Chombo kilichotumbukizwa katika hewa ya Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995 kilituma habari kwa muda upatao saa moja, kisha kikanyamaza. Hakikuleta habari ya kutusaidia kuamua. Katika makala haya tumeandika ‘huyo’ na ‘hao’ kwa kuwa neno kiumbe limezoea hivyo. Mfasiri anayependelea ‘kielea hiki’ hakosei, ila ashikilie hicho hicho kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.