Qubba Dhwahla: Kuba Bapa na Istilahi Zake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Miongoni mwa maneno yanayompa taabu mwanafunzi wa fiqhi anapofungua vitabu vya tarekhe ni neno qubba. Kwa kuwa Kiswahili kimelichukua na kulifanya kuba, msomaji hudhani kuwa analijua. Makala hii inakusudia kulifafanua neno hilo, na hasa istilahi ya qubba dhwahla.

Qubba katika Hadithi

Katika Hadithi, qubba mara nyingi ni hema. Abu Juhayfa (R.A.) amesimulia, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, kuwa alimuona Mtume (S.A.W.) katika qubba nyekundu ya ngozi. Na katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri (R.A.) anaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikaa itikafu katika qubba turkiyya, mlangoni mwake pakiwa na jamvi. Mwenye kusoma hapo huku akili yake ikiwa kwenye misikiti ya Istanbul atafasiri "kuba la Kituruki", kisha atatoa hoja kuwa makuba ni Sunna. Hoja hiyo haisimami. Dola ya Uthmaniya ilianza kiasi cha mwaka 1300, karne nyingi baada ya tukio hilo. Kilichotajwa ni hema, si jengo.

Maana ya dhwahla

Dhwahl kwa asili husemwa kwa maji machache yasiyo na kina. Waandishi wa habari za majengo wakaliazima neno hilo kwa kuba ambalo kimo chake, kuanzia ukingo wake hadi kileleni, ni pungufu ya nusu ya upana wake. Kuba lenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 5 ni nusu tufe kamili. Likiwa na kimo cha mita 2, ni dhwahla. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita kuba bapa.

Zingatia kuwa kimo hicho hakijumuishi raqaba, yaani shingo, ambayo ni ukuta wa mviringo unaobeba kuba. Kuba bapa laweza kukaa juu ya shingo ndefu. Na zile pembe zinazogeuza chumba cha mraba kipokee duara, zikiwa za umbo la pembetatu iliyopinda, huitwa muthallathat kurawiyya. Ama aqd, ambalo katika mlango wa biashara ni mkataba, hapa ni tao.

Mifano

Mjini Cairo, lango la Bab al-Futuh lililojengwa mwaka 1087 na waziri Badr al-Jamali lina kuba bapa juu ya njia yake. Mfano ulio wazi zaidi ni khanqah ya Sultan Faraj bin Barquq, iliyojengwa baina ya mwaka 1400 na 1411. Sehemu ya kuswalia imeezekwa kwa safu za makuba bapa ya matofali, ilhali vyumba viwili vya makaburi vina makuba marefu ya mawe.

Ubapa una gharama yake. Kadiri kuba linavyopungua kimo ndivyo linavyozidi kusukuma kuta kwa nje. Kuba la kwanza la Aya Sofia, lililokamilika mwaka 537 zama za Warumi, lilikuwa bapa zaidi. Likaanguka mwaka 558 baada ya matetemeko ya ardhi. Lilipojengwa upya, likakamilika mwaka 562, liliinuliwa kwa kiasi cha mita 6.

Hukumu haifuati umbo

Imam Nawawi katika al-Majmu' ameeleza kuwa kujenga juu ya kaburi ni makruhu katika milki ya mtu, na ni haramu katika makaburi ya umma. Msingi wake ni katazo lililopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.). Kwa hiyo kupunguza kimo cha kuba hakuhalalishi kilichokatazwa, kwani sababu ni ujenzi wenyewe. Ama paa la msikiti usio juu ya kaburi, asili yake ni ibaha, liwe bapa au refu.

Ndugu yangu mwanafunzi, ukikutana na qubba kitabuni, uliza kwanza: ni hema, ni paa, au ni jengo la kaburi? Ukishajua hilo ndipo utafute hukumu.

Wallahu a'alam.