Nani Anafika Mwisho? Jinsia, Kabila na Lugha katika Njia ya Diploma

Kila mwisho wa mwaka, matokeo yanapobandikwa kwenye valve, kila mmoja wetu anatafuta jina lake, anafurahi au ananyamaza, kisha anaondoka. Ni wachache wanaobaki kuhesabu. Lakini hesabu ni rahisi: wasichana wangapi waliandikishwa pamoja na promosheni hii mwaka wa kwanza, na wangapi wamefika leo? Kuandikishwa ni jambo moja, kupata diploma ni jambo lingine.

Wako wanaoeleza tofauti hii kwa maneno mepesi: wasichana hawapendi shule, kabila fulani lina vichwa, kabila lingine ni la wavuvi tu. Historia ya nchi yetu inatoa maelezo mengine.

Kaka na dada

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, ukiacha mapadri waliosoma katika seminari. Chini ya ukoloni shule za watoto wa Wazungu zilitengwa na za Waafrika, na Chuo Kikuu cha Lovanium, kule Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Pengo la kwanza lilikuwa la rangi.

Ndani yake lilikuwamo pengo la jinsia. Thomas Kanza alipata diploma yake Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Anahesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kuhitimu chuo kikuu. Mdogo wake Sophie alihitimu sosiolojia Lovanium mwaka 1964, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kufika hapo, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke. Thomas alizaliwa mwaka 1933, Sophie mwaka 1940. Kwa hiyo wote wawili walimaliza wakiwa na umri unaokaribiana, miaka ishirini na kidogo. Katika nyumba ile, ambako binti alisomeshwa kama kaka yake, pengo karibu halikuonekana. Lilionekana nje: mwaka 1964 wanaume wenye diploma walikuwa wameshaongezeka, naye alikuwa peke yake.

Lugha kama mlango

Hapa jambo linatuhusu sisi tunaosoma lugha. Chini ya Wabelgiji, mvulana aliandaliwa kuwa karani, mwalimu au muuguzi, na kwa kazi hizo alihitaji Kifaransa. Msichana aliandaliwa kwa ajili ya nyumba. Masista walimfundisha kushona, kupika, usafi na malezi, na mara nyingi walimfundisha kwa lugha ya kwao. Ubaya haukuwa katika lugha hiyo. Ubaya ni kwamba sekondari na chuo kikuu vilifunguliwa kwa Kifaransa, na yule ambaye hakufundishwa Kifaransa alibaki nje kabla ya mtu yeyote kupima akili yake.

Mlango huo bado upo. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Sisi wenyewe tunabishana kwa Kiswahili na Kilingala chini ya miti, kisha tunaandika TFC kwa Kifaransa. Sasa fikiria ndugu wawili wa Mangobo au Lubunga. Baada ya masomo kaka anabaki na kitabu, dada anapelekwa sokoni kusaidia mama. Baada ya miaka kumi Kifaransa cha kaka kimekua. Dada amejua kuuza kwa lugha tatu, na hakuna mtihani unaomhesabia hilo. Tunapoandika «Kifaransa dhaifu» kwenye karatasi yake, tunapima pia saa ambazo hakupewa.

Kabila au misioni?

Kuhusu makabila, tutazame karibu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wabaptisti kutoka Uingereza walijenga misioni Yakusu, kando ya mto chini ya Kisangani. Kukawa na shule, hospitali, mafunzo ya wauguzi, na vitabu kwa Kilokele. Walokele wakapata waalimu na wauguzi mapema kuliko majirani wengi wa msituni. Aliyekuja baadaye akasema: «Ni kabila la wasomi.» Kumbe ni kabila lililokaa karibu na misioni.

Serikali iliona tofauti hizo kati ya mikoa. Katika miaka ya 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kilichoundwa mwaka 1971, nafasi za kuingia ziligawanywa kwa mikoa. Mgawo ule ulimfikisha mlangoni kijana wa mkoa wenye shule chache. Haukusema nani angemsaidia ndani, wala haukumtaja msichana.

Sheria na mfuko

Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mvulana 18, na ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo, na leo umri ni miaka 18 kwa wote. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Lakini sekondari na chuo kikuu vinalipiwa. Watoto wawili wakifaulu Mtihani wa Taifa na pesa inatosha mmoja, familia inachagua, na mara nyingi tunajua itamchagua nani.

Tufanye nini? Tuanze kwa kuhesabu. Majina yapo tayari katika ofisi za kitivo: walioandikishwa, waliofanya mitihani, waliomaliza. Tuyapange kwa jinsia na kwa teritwari ya asili, Opala, Bafwasende au mjini hapa, promosheni kwa promosheni. Kisha twende kwa wale ambao majina yao yamekatika njiani tuwaulize sababu, kwa lugha wanayoipenda. Hiyo inaweza kuwa TFC ya mmoja wetu mwaka huu.